Tovuti Niliyoiona Mimi na Ile Mliyoiona Ninyi

Nisalimieni kwanza. Ndiyo, kwa sauti, maana wengine wenu hamjanisalimia tangu Pasaka, na mimi sijahama. Nimekuwa nikikaa kiti kile kile cha nyuma karibu na mlango, mkinipita kama nguzo ya jengo.

Haya, asanteni. Mungu awape moyoni kile mlichokitoa mdomoni. Mchungaji amenipa dakika kumi na ameniomba nisitaje mtu jina. Nitatii. Hata ninyi siku ile hamkunitaja jina, na bado kila mtu akaenda nyumbani akijua ni nani.

Kwa wageni, mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa upande wa Mwingi, na mama yangu alinifundisha cherehani kabla hajanifundisha kupika. Hapa Waithaka nimeishi miaka kumi na tisa. Chumba changu cha kazi kiko karibu na Adams Arcade, na ninachoshona ni majoho: ya kwaya, ya wachungaji, na yale madogo ya watoto wa chekechea siku ya kufuzu. Kwaya yetu ilivaa kazi ya mikono yangu miaka minane. Hayo mliyovaa leo, wapendwa, si yangu, na mikono yake inaishia juu ya kifundo. Sisemi kitu. Nimeona tu.

Sasa, kulikuwa na ndugu mmoja wa ushirika huu, mtu mzima mwenye ofisi mjini, ghorofa ya nne, na tai ya kila rangi. Alikuja kazini kwangu akaniambia, "Mama, siku hizi customer hatembei akitafuta duka. Anatafuta kwa simu. Wacha nikutengenezee website." Na hakudanganya. Alinitengenezea tovuti nzuri kweli: watoto wamevaa majoho ya buluu wanacheka, jina la duka kwa herufi kubwa, na namba yangu ya simu. Maagizo yakaanza kuja kutoka mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Chekechea moja ya Kitisuru ikawa inaniita kila mwaka.

Nilimwuliza kama tuandikiane mahali kwamba ile tovuti ni yangu. Akacheka. "Mama, si sisi ni watu wa maombi? Unataka kuniandikisha kama mwizi?" Nikaona haya, nikaliacha. Ndugu zangu, nawaambia, haya ya namna hiyo si upole. Ni uzembe uliovaa nguo ya kanisa.

Basi jina la tovuti akaliandikisha kwake. Neno la siri la kuingilia akakaa nalo. "Utalisahau, Mama, wacha nikutunzie." Mimi ambaye ufunguo wa chumba changu cha kazi nalala nao shingoni! Duka la mlango wa mbao nalilinda, na duka ambalo dunia nzima inaingia nimempa mtu kwa sababu anafumba macho vizuri akiimba.

Na kuna jambo nililokuja kulijua baadaye. Ule urembo wa tovuti, ile sura yake, huuzwa. Yeye alichukua iliyoibwa, ile ambayo watu fulani huvunja kufuli yake kisha wanaigawa bure mtandaoni. Mwizi hagawi kitu bure. Ndani yake huwa ameacha mlango wa nyuma, siku akitaka arudi. Pia tovuti hutakiwa kufanyiwa marekebisho mara kwa mara, kama cherehani inavyotiwa mafuta. Yangu ilikaa miaka miwili bila hata tone.

Wezi wakarudi.

Mlivyoona ninyi ni hivi. Dada mmoja wa ushirika wa akina mama alikuwa anamtafutia binti yake joho. Akaandika kwa simu jina la duka langu, akabonyeza, na badala ya watoto wa buluu akakutana na watu wasio na nguo hata moja, na matangazo ya kamari. Juu kabisa, jina la duka langu. Dada akashtuka, akaifunga, akaenda kwa mchungaji. Alifanya sawa. Leo nasema alifanya sawa.

Nikaitwa ofisini hapo nyuma. Wazee watatu, mchungaji, na huyo dada. Nikaambiwa habari yenyewe, na damu ikanipanda kichwani. Nikatoa simu yangu, nikabonyeza tovuti yangu mbele yao, nikawageuzia. "Angalieni! Iko wapi?" Watoto wa buluu hao, wanacheka. Safi kama siku ya kwanza.

Dada akasema kwa sauti ndogo, "Mimi niliona, Mama. Naapa niliona."

Nikamwambia maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe. Nilimwambia, "Wewe ni mwongo. Unatafuta uchafu kwa simu yako, halafu aibu unaniletea mimi." Akalia. Wazee wakaangaliana. Mchungaji akasema basi dada afungue tena ile aliyoiona, tumalize jambo hili. Lakini mzee mmoja akainua mkono akasema, "Hatuwezi kufungua uchafu ndani ya nyumba ya Mungu. Lisemwalo lipo."

Ndugu zangu, sikieni vizuri. Watu watano walikuwa wamekaa, na jibu lilikuwa kwenye simu ya dada, hatua mbili kutoka pale. Hakuna aliyeangalia. Walihukumu jambo ambalo mtu mmoja tu ndiye alikuwa ameliona. Na mimi sina la kujisifu, maana sikutaka kuangalia zaidi ya pale palipokuwa pananifurahisha.

Jumapili iliyofuata, kwa maiki hii hii niliyoshika, likatangazwa kwamba mmoja wetu mwenye biashara ya nguo amesimamishwa huduma mpaka mambo yake yaangaliwe. Mmoja wetu! Kanisa hili lina wauza sukuma wiki, walimu, watu wa mjengo, makarani. Mwenye biashara ya nguo alikuwa nani mwingine?

Mkanivua uongozi wa akina mama. Majoho ya kwaya mkayapeleka kwingine. Mwalimu mkuu wa Kitisuru akanipigia, na alikuwa na adabu sana: "Mama, ni wazazi wangu. Mmoja ametafuta duka lako akiwa na mtoto. Siwezi kukutetea." Nikamwambia ni wivu wa watu. Akakata simu. Binti yangu yuko chuo. Alikuja nyumbani akaniuliza, taratibu sana, "Mum, kuna kitu hujaniambia?" Ule upole wake uliniumiza kuliko tangazo lenu.

Yule ndugu wa tai nilimpigia. "Mathe, wacha stress. Mimi naiona iko poa tu. Hao ni watu wanakuchukia." Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Nilikaa miezi miwili nikiwachukia ninyi nyote. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa naingia hapa, naimba, na moyoni nawahesabia safu kwa safu. Msiniulize kwa nini sikuhama kanisa. Ningehama, mngesema amekimbia.

Siku niliyogeuka ilikuwa ya kawaida tu, adhuhuri, nimeenda kwenye saiba moja, duka la kompyuta na mtandao, pale Adams Arcade kuchapisha karatasi ya vipimo. Mwenye saiba ni mama wa rika langu, Mluhya, mcheshi, na kanisani haendi. Jumapili yeye hulala, na anasema hivyo bila haya. Aliona uso wangu akauliza, "Mama, umefiwa?" Nikajikuta namwaga yote, mkononi nimeshika fungu la kola nyeupe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Aliuliza swali moja. "Wewe kwa hiyo website yako huwa unaingia aje?"

"Nimeiweka hapa kwa simu. Nabonyeza tu."

"Basi hujawahi kuiona." Akachukua simu yake mwenyewe. "Wewe unaingia kama mwenye nyumba. Hao watu si wajinga, wanajua mwenye nyumba anaingilia wapi, kwa hivyo hapo wamekuachia safi. Uchafu wanamwekea mgeni, yule ametoka kutafuta kwa mtandao. Keti hapa. Jifanye mgeni."

Akaandika jina la duka langu kama mtu anayetafuta joho. Akabonyeza. Na mimi nikaiona.

Jina langu. Namba yangu ya simu, ile iliyoandikwa pia kwenye kitabu cha kanisa. Na chini yake... Niliifunika ile simu kwa zile kola. Mama wa saiba akaniambia, "Usifunike. Iangalie yote. Ni yako."

Nikaiangalia yote. Na kitu kilichokuja kichwani si yule ndugu, wala wazee, wala ninyi. Ni sauti ya yule dada: naapa niliona. Tulikuwa tunasema kweli wote wawili, na mimi nikamwita mwongo mbele ya wanaume watatu na mchungaji wake.

Kesho yake kabla sijaenda mahali pengine nilienda kwake. Alifungua mlango akasimama. Nikamwambia, "Nimeiona. Nisamehe." Hakuniambia niingie. Alisema, "Ulinifanya nikae wiki mbili bila kutoka nje." Nikasema najua. Kisha akasogea, nikaingia, tukanywa chai. Mpaka leo hatujawa kama zamani, na sitawadanganya kwamba tumekuwa.

Kisha nikaenda mjini, ghorofa ya nne. Karani akasema bosi yuko kwa mkutano. Nikakaa kwenye benchi na chakula changu kwenye kikopo, nikaanza kuimba. Nyimbo za kitabu, ubeti baada ya ubeti. Sauti ya kwaya mnaijua, haina huruma na ukuta. Nilipofika wimbo wa saba mkutano ukaisha. Akatoka na tai yake. "Mathe, unaniaibisha." Nikamwambia, "Bado. Nimeanza kuimba tu."

Aliandika uhamisho wa jina la tovuti lije kwangu siku hiyo hiyo, mbele yangu. Neno la siri akanipa kwa karatasi: jina lake mwenyewe, na moja, mbili, tatu. Ndilo alilotumia kwa wateja wake wote. Samahani hakuniomba, na msijisumbue kugeuka kumtafuta. Siku hizi anasali kwingine.

Mama wa saiba alinishauri tusifagie, tubomoe. Mahali mwizi alipolala huwezi kujua ameficha nini. Tukajenga upya, ndogo, kurasa nne tu, kwa sura halali. Picha nilipiga mwenyewe mlangoni pangu. Kila mwisho wa mwezi naangalia kama kuna marekebisho, na nakala ya kila kitu iko kwenye kifaa kidogo ndani ya kabati la vitambaa. Neno la siri ni refu na hamtalijua. Ilichukua wiki kadhaa mtandao kusahau yale machafu. Mtandao ulisahau kabla yenu.

Maana nilirudi hapa, nikawaeleza wazee, nikawaonyesha. Wakaelewa. Wakaniombea, wakaniambia nimesafishwa. Wapi? Ofisini, mlango umefungwa, watu wanne. Kunichafua mlinichafua kwa maiki, kunisafisha mkanisafisha kwa kunong'ona. Mkuki kwa nguruwe.

Lakini nina shukrani, na ni za kweli. Namshukuru mama wa saiba, ambaye hakuniombea bali alikaa na mimi. Namshukuru binti yangu, aliyeuliza badala ya kunong'ona. Namshukuru dada yule aliyefungua mlango. Na wewe, Mchungaji, asante kwa dakika hizi, ingawa zimechelewa.

Na ninyi mlio na biashara, mnaotengenezewa tovuti na mtu wa nyumbani, wa kijijini, wa maombi: iandikishwe kwa jina lako. Ufunguo uwe wako. Na usiridhike kwa vile wewe unavyoiona. Chukua simu ya mtu mwingine, itafute kama mgeni, angalia anachokiona yeye. Mimi sikuwa nimejua hilo kwa tovuti, na sikuwa nimejua kwa maisha yangu.

Ninamaliza. Toeni simu zenu. Ndiyo, hapa ndani. Mzee, usiinue mkono, leo hakuna uchafu. Andikeni jina la duka langu kama watu wanaotafuta joho, mbonyeze. Asiye na bando aangalie kwa jirani yake. Mtaona watoto, wamevaa buluu, mikono inafika pale inapotakiwa kufika. Mimi nasimama hapa na maiki, sina haraka, mpaka wa mwisho aone.

Na ukishaona, inua kichwa unisalimie.