Kibodi ya Kumjibu Arcade

Asubuhi za Julai hapa mtaani kwetu Misunkumilo hazianzi, zinatoka tu zenyewe ndani ya moshi. Porini wanachoma nyasi, moshi unakuja mpaka barabarani na kukaa, ukitazama ng'ambo unaona bodaboda inapita kama inaelea. Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha simu. Sikusomea simu popote. Nilizifungua moja moja mpaka zikanielewa nami nikazielewa. Pembeni Mama Kasilda anachemsha kahawa. Kwenye ubao hakosi Wilbert, fundi cherehani, tunayemwita Futi kwa kuwa hakadirii kitu kwa macho, wala hakosi Baltazari, tunayemwita Waziri kwa kuwa ana jibu la kila wizara.

Siku hiyo alikuja Libérat, mrina asali wa Mishamo. Hakusalimia vizuri. Alikaa, akaniwekea simu mapajani, akanionyesha kidole gumba chake cha kulia. Nyuki walikuwa wamekifanyia kazi usiku wa kuamkia siku hiyo, kimejaa kama mhogo.

— Fundi, nirekebishie sehemu ya kuandikia. Nikigusa hapa inaandika pale.

Nikamuuliza haraka ya nini. Akanisomea meseji ya kaka yake Arcade, aliyeko Burundi, imeingia alfajiri: leo saa sita tunagawana shamba la marehemu baba. Nikutengee sehemu yako au nisikutengee? Basi, hakuna salamu wala nini.

Lazima nieleze hapa, maana mimi sipendi mtu asikilize nusu. Hao ndugu wawili wamezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Waliporuhusiwa kuchagua kurudi au kubaki, baba yao na Arcade walirudi Burundi, Libérat akabaki, akachukua uraia wa hapa. Hawakuagana vizuri. Mwaka juzi baba alipofariki, Libérat aliandika pole akiwa na vidole hivyohivyo vya msimu wa asali, simu ikambadilishia maneno, naye akatuma bila kusoma. Arcade akaamini mdogo wake ameandika msiba wa baba akiwa amelewa. Akanyamaza miaka miwili, mpaka alfajiri hiyo. Kwa hiyo mkisikia tulishinda na kibodi asubuhi nzima, msituone wajinga.

Waziri alisema si ampigie tu, dakika mbili yameisha. Libérat akatikisa kichwa.

— Sauti yake ni ya baba kabisa. Nikiisikia siwezi kusema kitu.

Waziri akameza funda moja la kahawa.

Nikaingia kwenye setingi. Kwanza nikazima ile ya kujisahihisha yenyewe, maana ndiyo iliyoharibu msiba. Simu yake ilikuwa imewekwa Kiingereza tangu dukani, kila neno lake ikiliona kosa inalivalisha kizungu. Nikaongeza Kiswahili, nikashuka orodhani mpaka nikakiona na Kirundi, nikakiweka. Libérat akajaribu. Bado kidole kilikuwa kinakanyaga herufi tatu kwa mpigo.

Waziri akaanza. Kwa maelezo yake, mtu aliyeumwa na nyuki anabaki na umeme kwenye damu siku tatu, na kioo kinausikia. Tukamwacha. Akaongeza kwamba simu haisomi kidole, inasoma mapigo; ukisita moyoni, herufi nayo inasita, inaruka kwa jirani. Halafu, macho ameyaelekeza kwenye moshi kule barabarani, akatuambia kwa upole kama anayeona kweli, kwamba chini ya kile kioo herufi zina mtaa wao, zina milango, na alfajiri zinakwenda kutembeleana. Ukiandika mapema mno unakuta nyumba tupu.

— Ziache zirudi kwao kwanza, mzee. Saa nne hivi zitakuwa zimetulia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikitazama kile kioo kana kwamba nitaona mlango ukifungwa. Kisha nikakasirika. Nikamwambia Waziri akae kimya, mtu ana jambo la kweli hapa.

Futi akasogea karibu na Libérat. Alitoa tepu yake shingoni, akakishika kile kidole kwa adabu kama anampima bwana harusi, akakizungushia tepu. Akapima na kioo.

— Fundi, wewe unabadilisha lugha wakati nguo inabana. Huyu aongezewe kimo. Na kwapa, kati ya herufi na herufi, iachwe nafasi.

Nilitaka kumjibu vibaya. Miaka minane nafungua simu, leo nifundishwe na cherehani. Lakini kweli ni kweli. Nikaingia kwenye mapendeleo, nikapandisha urefu wa kibodi mpaka mwisho. Nikaweka mipaka ionekane, kila herufi ikapata kisanduku chake. Nikaweka na mtetemo mdogo, ili kidole kijue kimefika hata kikiwa na ganzi. Nikaigeuza simu ilale ubavu, kibodi ikatanuka kioo chote.

Libérat akaandika jina la baba yake. Likatoka lilivyo. Akalifuta, akaliandika tena. Likatoka. Mama Kasilda akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

Hapo ndipo aliposhuka mwanamke kwenye pikipiki, na ndoo mbili tupu zinazonuka dagaa. Jina lake Zuleha, anatoa samaki Karema, alikuwa anasubiri gari la kurudi ziwani. Akaomba kahawa, akajibana mwisho wa ubao, akauliza kuna nini, mbona wanaume wazima tumeinamia simu moja kama tunaota moto. Tukamsimulia wote kwa pamoja: nyuki, kidole, tepu, kimo, visanduku. Futi alijisifu kidogo. Mimi pia nilijisifu, sitaficha. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake, akamgeukia Libérat.

— Kwani kaka, hilo shamba unalitaka?

Tukatazamana. Tangu saa moja tuko naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Nilijua kila kilichomo kwenye ile simu, lakini hilo sikulijua.

Moshi ulikuwa umeanza kupanda juu ya mabati, jua linapita ndani yake jekundu. Libérat alizungumza taratibu, kama anayesimulia ndoto kabla haijamtoka.

— Mimi sijawahi kuliona. Baba alikuwa anatuchorea chini, jioni, kwa kijiti. Hapa mto, hapa migomba ya babu, hapa jiwe. Tunalala tunaliota. Asubuhi tunalifagia pamoja na uwanja.

Akanywa kahawa.

— Shamba ninalo Mishamo, mizinga ninayo. Ardhi sina njaa nayo, dada.

Zuleha akamwambia basi amwambie hivyo. Libérat akasema akiandika sitaki, Arcade ataelewa kwamba hamtaki yeye. Zuleha akazisogeza ndoo zake kwa mguu ili Libérat apate nafasi ya viwiko.

Akaanza kuandika. Tuligeuza nyuso, maana barua ya mtu ni ya mtu, lakini yeye alikuwa anatamka kila neno kwa sauti ndogo huku kidole kikitua na simu ikitetemeka. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza alinipa niisome kabla ya kutuma, kwa sababu ya yale ya mwaka juzi. Iliandikwa hivi:

Kaka, gawaneni nyie. Mimi nitengee pa kukaa nikija.

Sikubadilisha kitu. Nikamrudishia. Akatuma.

Alama mbili zikatokea, halafu zikageuka rangi: imesomwa. Juu ya kioo pakaandikwa kwamba Arcade anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena. Pakafutika. Yule mtu upande wa pili alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, kama mtu aliye mlangoni anayetafuta kitasa gizani.

— Huyo naye kibodi yake ikoje? Futi akanong'ona.

Gari la Karema likapiga honi mara mbili ng'ambo ya barabara. Zuleha alilisikia, nilimwona amelisikia. Akanyoosha kikombe kwa Mama Kasilda kiongezwe, akabaki amekaa, macho kwenye simu ya Libérat.