Mkono Unaouficha, Naima

Khalfani, funga mlango wapangaji wasisikie. Naima, njoo ukae hapa kitandani, usisimame pembeni kama mgeni. Lulu, acha kufua, nawe uketi. Nimewaita ningali na ulimi, wanangu, kwa kuwa daktari kasema wazi kuwa figo zangu zimechoka, na mja akiitwa haulizwi kama kamaliza maneno yake.

Mmelelewa na mikono hii. Baba yenu alipofariki nilishona kofia, vitobo vidogo kama macho ya dagaa, mkala, mkasoma. Kisha maradhi yakaniingia. Nikiamka vidole vigumu kama kuni, magoti yamevimba, nafungwa kanga kama mtoto. Nikawa najinunulia vidonge vya maumivu dukani, miaka nenda miaka rudi, bila kupimwa, na ndivyo vilivyonila figo. Mficha maradhi kifo humuumbua; nitazameni.

Ndugu yenu Mudathir alikuwa keshatutangulia mbele ya haki. Mkewe, huyu Lulu, alipomaliza eda, kwao Kilwa wakaja kumchukua. Akawaambia, 'Tangulieni, nitakuja mama akiweza kujifunga kanga mwenyewe.'

Ndipo wewe Naima ukaja toka Kibamba, ukasimama uani mbele za watu ukapaza sauti, 'Huyu kamfunga mama mikono! Kammaliza kaka, sasa anataka nyumba!' Lulu alikuwa anaosha vyombo, wala hakuinuka. Akasema, 'Wifi, ningekuwa na uwezo huo, ningeanza kwa kumrudisha mume wangu.' Hukusikia. Ukaniletea mganga, akanichanja chale kwenye vifundo, vikatunga usaha, nikalazwa.

Huko hospitali ndiko tulikoambiwa jina la maradhi haya: baridi yabisi, ile ya mwili kujipiga wenyewe. Hakuna aliyeituma. Haiondoki, wakasema, lakini hutulizwa kwa dawa za kliniki na mazoezi, na Lulu akafundishwa namna ya kuninyoosha viungo. Kila asubuhi akanitia mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha akakunja na kukunjua kidole kimoja kimoja, taratibu, nami nikimtukana kwa maumivu, naye akishika kidole kinachofuata. Akazungushia vitambaa mpini wa mwiko unenepe nipate kuushika. Akaweka kiti bafuni. Nikigoma kutembea, hukaa chini akagoma nami, mpaka nicheke niinuke. Siku niliyojifunga kanga kwa mikono yangu nikamwambia, 'Haya, sasa nenda kwenu.' Akaitazama, akasema, 'Umeifunga vibaya, mama.' Hakwenda.

Sasa nyumba. Khalfani, najua unataka hapa Mabibo pauzwe umalizie ujenzi wako wa Boko. Mirathi Mungu mwenyewe kaigawa, sina mkono wa kuipindua. Lakini nina ruhusa ya kumuusia asiyenirithi, isipite theluthi, nami mbele ya sheikh na mashahidi nimemuusia Lulu vyumba viwili vya mbele. Havifiki hiyo theluthi. Mtu asimguse. Akufaaye kwa dhiki ndiye wako, hata kama hamkuchangia ziwa.

Usigune, Khalfani, sijamaliza.

Naima, nipe mkono. Siyo huo. Huo unaouficha chini ya mtandio. Idi iliyopita nilikuona ukifungua chupa ya maji kwa meno, na ukimpa mwanao akufunge vifungo. Vifundo hivi navijua, mwanangu, vyangu vilianza hivi hivi... Usilie. Nisikilize. Samaki mkunje angali mbichi. Nenda kliniki wiki hii hii, usimeze vidonge vya kubahatisha, usimtafute mganga, wala usimtafute mchawi. Na mazoezi utakuja kufanyiwa hapa, na huyu uliyemtia aibu uani, maana huko kwako huna wa kukushika.

Lulu, hili sikuamuru, mwanangu. Nakuomba. Una haki ya kukataa.

... Umemsikia, Naima? Anasema uje mapema, maji utayakuta yamepata moto. Mjibu. Mbona unaangalia chini? Mjibu mwenzio... Haya. Kama neno halitoki, basi usiuvute mkono, maana keshaushika.

Nipandisheni mto kidogo. Hapo.

Mnizike karibu na Mudathir, na Khalfani ndiye ashuke kaburini. Waosha maiti wakija, Naima na Lulu muingie nao, wote wawili, asibaki mmoja nje. Vidole vyangu vikikataa kunyooka, viacheni vilivyo, msivilazimishe. Vimenyooshwa vya kutosha. Hitima isiwe ya kujionyesha.

Radhi zangu mnazo. Khalfani, unazo. Naima... unazo, nawe usiwe na shaka. Lulu, Mungu akulipe nisichoweza mimi. Awafunike, awaunge, asiwaache mkachekwa na watu... Naishiwa na pumzi. Nilazeni.

Taratibu, Naima. Huo mkono wako nao unauma. Mwache mwenzio ashike huku.