Chungu Nilichokisugua

Kaeni, ndugu zangu. Mwenye kibuyu mkononi aendelee, habari yangu inasikika vizuri zaidi mtu akinywa. Mmesema anayeingia katika kundi hili la kulima kwa zamu asimame, aeleze alivyoanguka na alivyoinuka, na asimtaje mtu jina. Sitawataja. Wengine tutawajua watakapoanza kuangalia miguu yao.

Mimi mnanijua, ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliotoka nao jandoni wamebeba mizigo mpaka Ujiji, na wengine wameiona bahari wakarudi na maneno mapya. Mimi safari yangu ndefu ni ya kisimani. Vita ilipopita huku Kasongo, watu wakakimbilia porini, mimi nilirudi njiani kwa sababu nilikuwa sijafunga mlango wa jikoni. Mke wangu aliwasimulia jambo hilo mpaka mkalichoka.

Basi nyuma ya vita ikaja ndui, ikamchukua. Tukamzika pembeni mwa shamba lake, pale alipozoea kupumzika na jembe.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuhisi kitu. Nilingoja nihisi. Watu walilia, nami nikawaangalia wanavyolia, nikaona mmoja amekanyaga bamia zangu. Chakula nilikula, hakikuwa kitamu wala kibaya. Watu wakasema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina imani. Nilikuwa sina chochote. Nilikuwa nafagia.

Matanga yalipokwisha ikafika siku ya kupeleka vitu vya nyumba mtoni, kuviosha, kama ilivyo desturi yetu, na hapo nikapata kazi ninayoiweza. Nikaosha mikeka, vibuyu, miiko. Kile chungu kikubwa cha pombe cha marehemu kilikuwa na ukoko ndani, mzito, wa miaka. Nikakisugua kwa mchanga na majivu mpaka ungedhani kimetoka kwa mfinyanzi siku hiyo. Shemeji yangu mmoja akaniambia, "Shemeji, ungezaliwa mwanamke ningekuoa mimi." Nikajiona nimefanya kitu.

Mvua zikakaribia. Majani shambani yalikuwa yamenifika kifuani. Nikalima peke yangu, nikapata kipande cha kumtosha mbuzi mmoja kulala, tena mbuzi mwenyewe awe mwembamba. Mkubwa wa mji akatuma mtu kuniambia kwamba mvua ya kwanza ikilikuta shamba na majani, atapewa mwingine, maana waliokimbia vita wanatafuta pa kulima. Na mnajua pembeni mwa shamba lile amelala nani. Ndugu yangu wa Kabambare naye akaniletea habari: njoo, kuna pa kulala nyuma ya ghala langu. Nilikuwa nimeshaanza kukubali. Si kwamba nilitaka. Kukataa kulikuwa kazi, na mimi kazi zote nilikuwa nimezimaliza mtoni.

Ila nikajiuliza, kaburi lile nani atalifagia? Huku kwetu mtu asiye na pombe haiti watu na majembe yao. Na pombe ya nyumba yangu ilikuwa ya marehemu, mimi kazi yangu ilikuwa kusema imekolea. Nikasema nitapika mwenyewe, kwani sikumwona akipika miaka yote? Nimewaona na ndege wakiruka miaka yote.

Nikaloweka mahindi, nikayafunika kwa majani ya mgomba mpaka yakaota, nikayaanika, nikayatwanga. Kimea kikawa kimea kweli. Nikapika uji mkubwa, na ulipokuwa unatokota vizuri nikamwaga kimea chote ndani, kwa mkono wa mtu anayejua. Nikamimina chunguni, nikangoja, nikaita watu.

Mkaja. Mmoja wenu, yupo pale, akachota, akanywa, akafuta mdomo kwa heshima ya msiba. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Kaka, mutoto iko wapi?"

"Mutoto gani?"

"Ule wa kunywa hii."

Mkacheka, na mimi nikacheka kidogo ili msione haya. Mkalima mistari michache ya huruma, mkatia majembe begani. Sikuwalaumu. Hata nguvu ya kulaumu ilikuwa haipo.

Sasa kuna mtu ambaye singeweza kumtaja hata mngeniruhusu, kwa kuwa ni mama mkwe wangu. Mkwe haangaliwi usoni, hasemeshwi, na akipita njiani wewe unaingia majanini. Kesho yake nikasikia mtu nyuma ya uzio wa jikoni. Amenipa mgongo, anaongea na kuku wangu.

"We kuku," anasema, "kwa nyumba hii kuna watu iko wanatia kimea kwa moto. Kimea kinakufa. Uji unapoa kwanza, mpaka kidole kinavumilia. Ulijua, ama hukujua?"

Kuku hakujua. Nikamgeukia kuku na mimi: "Kuku, mwambie nimesikia."

Nikaanza upya. Nikangoja mpaka kidole kikavumilia. Safari hii uji ukalegea, ukawa mtamu, nikauchuja, nikaumimina chunguni, nikafunika. Pombe inayoiva inaongea, inatoa sauti ndogo ukiinamisha sikio. Nikainamisha. Kimya. Kesho yake, kimya. Mawingu yalikuwa yameshasimama upande wa mto Lualaba.

Ule mgongo ukarudi uzioni.

"Kuku, pombe iko inaongea?"

"Kuku, mwambie imenyamaza."

"Chungu ni kile cha mutoto wangu?"

"Kuku, mwambie ni kile."

"Kilioshwa?"

Nikajibu kwa majivuno kidogo, maana ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri tangu msiba: "Kuku, mwambie nilikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa."

Niliona mabega yake yanashuka. Kisha akasema polepole, nadhani alimsahau kuku: "Ule ukoko ndio unaamsha pombe. Uliutoa wote?"

"Wote, mama."

Nimemjibu mkwe wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaenda zake.

Nikakaa kando ya chungu, nikakiinamisha, nikatazama ndani. Kisafi. Kila pombe aliyopika tangu anaolewa ilikuwa imeacha kitu mule, na mimi nilikipeleka mtoni, nikasugua, nikasifiwa. Hata hapo sikulia. Nilikaa tu, mkono wangu mmoja ndani ya chungu, mpaka jua likanihamisha.

Akarudi na kibuyu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akakisukuma chini ya uzio.

"Kuku," akasema, "haya ni machicha ya chungu changu. Alipokuja kuolewa hapa nilimpa ya humo humo, akapaka kwa chungu chake. Ni yale yale. Mwambie amwage ndani. Na mwambie, asisugue tena."

Nikamwaga. Jioni ile nilikuwa nachambua mboga, nikasikia kama mtu ananong'ona jikoni. Nikaacha mboga.

Nikawaita tena. Mlikuja wachache, na nyuso za watu waliokwisha kunywa uji. Mwenyeji anaonja kwanza, watu waone haina neno. Nikachota, nikanywa. Ilikuwa ni yake. Nyepesi, imepikwa na mkono mjinga, lakini yake. Nikabaki nimesimama na kibuyu mdomoni, na mmoja wenu akasema, "Mwenyewe iko anaimaliza, majembe turudishe?" Nilikuwa siimalizi, ndugu yangu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kibuyu, machozi yanaingia mule mule. Kama kibuyu chako kilikuwa na chumvi, ndiyo sababu.

Kisha tukalima. Mvua ilitukuta kwenye mstari wa mwisho, karibu na kaburi, mkakataa kuondoka mpaka umekwisha. Mkubwa wa mji alipotuma mtu wake, alikuta udongo mwekundu mtupu. Ndugu yangu wa Kabambare nimemwambia nyuma ya ghala lake aweke ghala lingine.

Nawashukuru mliorudi mara ya pili, maana mara ya kwanza hata mimi nisingerudi. Ninyi ndugu zangu mnaosali, mlilima vile vile bila kuonja tone, na ndiyo sababu kwangu siku zote kuna chungu cha kando cha ule uji mtamu usiotiwa machicha, nilioutengeneza kwa kukosea. Sasa mnausifu, na mimi nasema nilikusudia.

Neno langu ni dogo. Anayetoka msibani apeleke vitu mtoni, ndiyo desturi, lakini amwulize kwanza mtu aliyemjua marehemu kabla yake ni kipi kisisuguliwe.

Na yule wa tatu wa kushukuriwa mnamwona pale nyuma ya ghala hili, ametupa mgongo, ana kibuyu chake. Kuku huyu hapa, nimemleta kwapani, kuchinjwa hachinjwi. Kuku, mwambie nashukuru.

Mmesikia anavyojibu?

"Kuku, mwambie bado iko nyepesi."