Mzee Geji na Ua la Mama Mkwe

Leo Ijumaa, tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri, mhudumu mkuu wa boila katika dobi la hospitali yetu anavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne kazini. Wengi mnamfahamu kwa jina la Mzee Geji. Hata ambao hamjawahi kumtia machoni, kila shuka safi mliyomtandikia mgonjwa imepitia kwenye mvuke wake.

Nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na moja, na nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini niseme ukweli, naandika roho ikiwa juu, maana kuanzia Jumatatu boila ni yangu peke yangu.

Alianza kwa kusukuma matoroli ya mashuka machafu, kisha akahamishiwa kwenye boila. Mwaka wake wa tatu huko, kioo cha geji, kipimo cha maji ya boila, kiliziba kwa tope. Kikawa kinaonyesha maji nusu, kumbe ndani hamna kitu. Boila iliyokauka hupasuka, na juu ya chumba chetu ni wodi ya wazazi. Alisikia harufu ya chuma kinachoungua, akazima moto, akawatoa watu wote nje. Hakuna aliyeumia. Hospitali ilimpa barua ya pongezi, naye akabaki na woga ambao haujamtoka mpaka leo.

Tangu hapo hakuwahi kukiamini tena kitu kikavu. Kila robo saa lazima aangalie geji. Kwenye vikao huchomoka bila kuaga. Siku ya harusi ya bintiye alitoka ukumbini na suti yake, akaja kukagua maji, akarudi keki imeshaliwa. Tulimcheka sana, lakini kwa miaka yote hiyo boila haijakauka tena.

Sasa nije kwenye ua, na hili ameniruhusu kulisimulia.

Miezi minne iliyopita mkewe alisafiri kwenda kumlea bintiye huyo, aliyejifungua mapacha. Alimwachia mzee okidi saba, maua ya kwenye vyungu, kwenye dirisha la sebuleni. Moja ilikuwa ya marehemu mama yake, na ndicho kitu pekee alichobaki nacho kutoka nyumba ya wazazi wake. Maelekezo aliyabandika kwenye friji: maji mara moja kwa wiki, asubuhi, yachuruzike yote, kisahani kisibaki na maji.

Mzee Geji alisoma, akaona mama watoto kakosea kuandika. Kiumbe gani hai anakunywa mara moja kwa wiki? Akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu majani yakaanza kunywea. Akadhani ni kiu, akaongeza maji. Kila jioni mkewe alipopiga simu kuuliza hali ya maua, alimjibu hayajambo. Mtu ambaye hajawahi kudanganya hata tarakimu moja kwenye daftari la boila!

Lilipokufa la sita, alikuja kazini amelikumbatia la mama mkwe, uso umempauka. Mtunza bustani wetu alilitoa kwenye chungu akatuonyesha mizizi: ya kahawia, laini, imeoza. Majani yalinyauka kwa sababu mizizi iliyooza hainywi tena, hata ikae ndani ya maji. Akaikata yote iliyooza, ikabaki miwili mizima, akalipanda upya kwenye magome makavu ya mti. Akatufundisha: mzizi wenye kiu ni wa kijivu, ulioshiba ni wa kijani. Nyanyua chungu, kikiwa kizito kiache. Wakati wa joto kali labda kila siku tano, wakati wa baridi hata siku kumi.

Mzee alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kumwona nayo, hata mbele ya moto.

"Ichukue wewe," aliniambia. "Ikibaki kwangu nitaiua."

Nimekaa nayo wiki saba kwangu, nikiiogopa kama mtoto wa watu. Wiki iliyopita mzee alijikaza akampigia mkewe, akamweleza yote. Anasema mama aliuliza kitu kimoja tu, kama la mama yake lipo. Alipojibiwa lipo, akasema atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, yaani siku nane kutoka leo, aje alione.

Kwa niaba ya dobi zima, asante Mzee wetu. Wagonjwa wamelala safi na wazazi wamejifungua salama juu ya vichwa vyetu kwa sababu wewe uliogopa kwa niaba ya sisi sote.

Zawadi yako ipo mezani mbele yako. Ina mzizi mpya, mrefu kama ukucha. Nimeimwagilia leo asubuhi, na zamu inayofuata ni Ijumaa ijayo, siku moja kabla mama hajafika. Najua nyumba itakuwa kimya na mikono itakuwasha. Tunakutakia mapumziko ya heri, Mzee, na tunakusihi sote: hizo siku sita za katikati, usiiguse.