Kebo Inapiga Hodi

Basi lilikwama kwenye foleni mtaani Gariahat, na Mitali, ambaye hesabu za wenzake humnyima usingizi, akamgeukia mama waliyekaa naye kiti kimoja, aliyekuwa akihesabu pesa za kulipia kebo ya televisheni.

"Mama, kebo rupia mia nne kwa mwezi, kutazama kwa mtandao mia na hamsini. Kwa nini ujiumize?"

"Mtandao unapiga hodi?"

Mitali akacheka. "Hodi ya nini?"

"Jamaa wa kebo akija kuchukua pesa huita kutoka ngazini, 'Bwana Haradhan, kebo!' Huyo Haradhan ni mume wangu. Mwaka wa sita tangu afariki."

"Hajui?"

"Anajua. Alikuwepo mazishini. Ulimi wake umezoea tu."

Basi likafika kituo cha Mitali. Akasimama taratibu. "Na hujamwambia aache?"

"Nimwambie? Mimi huchelewa kufungua makusudi, ili aite tena."