Mzee Anatoli Nyandwi, Aliyesubirishwa Mpaka Mengineyo

Mzee Anatoli Nyandwi Ruhomvya alizaliwa Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Machi 1952. Alikuwa mtoto wa saba, ndiyo maana akaitwa Nyandwi. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtoto wa saba hujifunza mapema kungoja sahani.

Alianza shule Kagunga, akamalizia darasa la saba Ujiji, nyumbani kwa shangazi yake. Mwaka 1974 alihamia hapa Simbo, akapanda michikichi na kukamua mawese. Waliopika kwa mawese yake katika soko la Ujiji wamo humu msibani, na wanajua hakuwahi kuyachanganya na kitu.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Melania wa Kidahwe. Siku ya kuposa alizungumzia mvua, akazungumzia michikichi, akazungumzia ng'ombe, mpaka mzee wa nyumba akasimama kumsindikiza. Ndipo akasema, "Baba, kuna na kajambo kadogo."

Mkwe akarudi kukaa. "Kijana, mwenye jambo huanza nalo. Au binti yangu ni mengineyo?"

Melania alicheka nyuma ya mlango. Marehemu alisema kicheko kile ndicho kilichomposea.

Chama alikitumikia kama katibu wa tawi. Baada ya uteuzi wa mgombea wa uenyekiti wa kijiji, mwaka 2024, tawi lilipasuka katikati. Ufa huo uliingia mpaka nyumbani kwake. Wanawe, Feliksi na Bariki, walishika kila mmoja upande wake. Wakawa wanachemsha chikichi katika mapipa mawili, uwanja mmoja, bila kusalimiana. Mama yao akawa anapakua mara mbili.

Kila kikao marehemu aliomba jambo hilo lijadiliwe.

"Mzee wangu," alijibu mwenyekiti wa kata, Bwana Nikodemu, "chama ni kimoja. Makundi unayaona wewe."

"Nayaona kwa sababu yanakula kwangu, Mwenyekiti."

"Basi tutalifikia kwenye mengineyo."

Wakifika huko, muda ulikuwa umekwisha na soda zimefunguliwa. Vijana wakamwita Mzee Mengineyo. "Shikamoo, Mzee Mengineyo." Naye akawajibu, "Marahaba, mnaotangulia kwenye soda."

Tarehe 14 Juni 2025 alisimama kabla kikao hakijafunguliwa, akasema leo hakai mpaka makundi yawe ajenda ya kwanza. Akaombwa akae. Akakataa. Ukumbi ukaanza kumpigia makofi ya kumkatisha. Ulimi wake ukawa mzito, maneno yakateleza. Wako waliocheka, wakidhani anaigiza. Kisha akaanguka. Feliksi alitoka kulia, Bariki akatoka kushoto, wakambeba baba yao hadi kwenye gari pasipo kusemezana. Nyuma yao kikao kikaendelea, kikafungwa kwa tamko kwamba tawi liko imara.

Kiharusi kile kilimnyima maneno. Alilazwa hospitali mjini Kigoma, akarudishwa nyumbani, na alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2025 akatutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Melania.

Leo wote tumeona turubai mbili. Familia haikukodi mbili. Ya pili imekuja yenyewe, na kila kundi limekaa chini ya turubai yake. Salamu za chama zilikuwa zimepangwa mwisho wa ratiba. Mama Melania amezipandisha, zitangulie kabla jeneza halijanyanyuliwa, na anamwomba Mwenyekiti Nikodemu, aliye mbele yetu, asitusalimie kwa maneno ya umoja. Aseme kuhusu hizi turubai. Mama amesema atangoja. Amezoea kuishi na mtu aliyengoja.

Marehemu ameacha mjane, Mama Melania; mdogo wake, Adolf; binti yake, Catherine; wajukuu tisa; na wana wawili, Feliksi na Bariki, ambao watabeba jeneza mbele, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama walivyombeba akiwa hai. Safari hii mama yao ameomba wasemezane.

Mzee Anatoli apumzike kwa amani. Ajenda yake imefunguliwa.