Historia ya Dk. Rosalba Aol, Aliyewafundisha Madaktari Kuketi Kwanza

Padri, Mama yetu uliyeketi hapa mbele, majirani wa Nakawa, madaktari, na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni Bonny Otim, sajini mstaafu wa polisi, mdogo wake marehemu, na nitasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea kambini, basi atakayeona kimepinda mahali avumilie, sikusomea lugha.

Dada yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika kambi ya polisi hapa Kampala, mtoto wa kwanza wa koplo Odyek na Mama Lamunu, na alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule ya hapohapo kambini.

Tarehe 14 Agosti 1977 baba yetu alikufa kwa ajali ya gari la kazi, kwenye barabara ya Masaka, na hapa itabidi nikawie kidogo, maana ndipo kazi ya dada yangu ilipoanzia. Askari aliyetumwa kuleta habari hakumkuta Mama, alikuwa amekwenda sokoni pamoja na Aol, basi bwana yule akashindwa kukaa na neno lile peke yake, akamwambia jirani, jirani akamwambia mwenzake, na Mama aliporudi alikuta kambi nzima inalia. Akatua kikapu, akajifunga kanga kiunoni, akalia pamoja nao kama jirani mwema, huku akiwauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefiwa, na hakuna aliyemjibu, wote waliangalia chini. Aol alikuwa amemshika nguo, na ameniambia mara nyingi kwamba kifo cha baba kilimuuma, lakini kimya kile kilimuuma zaidi.

Tulihamia Gulu kwa wajomba, akasoma sekondari ya wasichana huko kuanzia 1980 hadi 1985, akarudi Kampala Oktoba 1986 kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1991, na tangu Januari 1992 alitibu watoto katika hospitali moja ya hapa mjini. Mwaka 2006 aliomba afundishe jambo ambalo halikuwa katika ratiba ya mtu yeyote, yaani namna daktari kijana anavyopaswa kuwaambia watu kwamba mgonjwa wao amekufa, au hatapona.

Darasa lilikuwa sebuleni kwake, kila Jumamosi, na daktari alipaswa kuvuta kiti mwenyewe, kuzima simu, kuketi karibu na mwenye msiba, kusema neno lenyewe, amekufa, si tumejitahidi, si tumwachie Mungu, kisha kunyamaza, na asiinuke kabla mwenye msiba hajainuka. Walifanya mazoezi kwa kuigiza, na mama wa mtoto aliyekufa alikuwa yeye mwenyewe kila mara, na waliosoma kwake wanasema machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Dada yangu hakujaliwa kuzaa, lakini amefiwa na watoto wengi pale sebuleni kuliko mama yeyote ninayemjua, na vijana wakishaondoka alibaki anaosha vikombe vyao.

Alifunga ndoa na Bwana Tarcisio tarehe 17 Desemba 1994, wakaishi vizuri hadi 2007, Bwana alipokwenda Juba kikazi na kuanzisha nyumba nyingine huko, habari ambayo nayo ilizunguka soko lote la Nakawa kabla ya kumfikia mwenyewe. Bwana Tarcisio, kama umekuja, karibu, keti, chakula kipo, na mimi sitasema zaidi.

Nanyi majirani msininunie, lakini mnajua gari lake lilipokuwa likisimama kwenye geti la mtu, watu wa ndani, wakidhani ameleta habari ya kifo, walianza kulia kabla hajapiga hodi, hata akawa anapiga simu kwanza, kusema kwamba anakuja kusalimia tu, hakuna aliyekufa, na mwishowe akaacha kutembelea watu kabisa. Sikukuu nyingi alikula peke yake, nilimkuta hivyo Krismasi mbili, meza imeandaliwa kama ya wageni, na iliniuma sana.

Februari mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo, akalazwa katika wodi iliyojaa wanafunzi wake, na majibu yalipotoka kila mtu aliyajua, madaktari, wauguzi, hata askari wa getini waliokuwa wakimwamkia huku wanaangalia viatu, isipokuwa yeye. Daktari mmoja aliniita koridoni akaninong'oneza, nikamwambia wewe kijana, mwenye mwili yuko chumba kile, nenda, akaenda, akagusa mpira wa dripu, akamwambia tusubiri vipimo vingine, akatoka. Ndivyo ilivyokuwa wiki nzima, na dada yangu akawa anatuangalia mmoja mmoja usoni, kama Mama alivyoangalia watu siku ile, hadi nikaona haya kukaa mle chumbani.

Aliyemwambia ni Dk. Taqwa, yule pale mwenye hijabu ya kijivu, ambaye Aol alimrudisha darasani mara nyingi kwa sababu alikuwa analia kabla hajasema neno. Aliingia akavuta kiti, akazima simu, akasema, Mwalimu, ni kansa ya kongosho, imeenea, haitapona, utakufa nayo, kisha akanyamaza. Dada yangu akamwambia kiti umekiweka mbali, kisogeze, na Taqwa akakisogeza, wakashikana mikono mpaka chai ya saa kumi ilipoletwa, na usiku ule dada yangu alilala usingizi.

Alikufa Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa moja asubuhi, nikiwa naye. Wazee wa ukoo walinishauri kwa simu kwamba Mama, ambaye anakaa Nateete na binti yangu Acen, aambiwe kwanza kuwa Aol amezidiwa, desturi yetu tunaijua, mtu anaitwa kuona mgonjwa anakuta turubai, nikakataa. Niliwaomba wazee na watu wa hospitali wasitume ujumbe wala kutangaza redioni, nikamwambia Acen afunge geti, nikachukua boda. Nilivuta kiti, nikaketi, nikamwambia, Mama, Aol amekufa asubuhi hii, nikanyamaza. Mama alitazama nje, barabarani watu walikuwa wakipita na mambo yao, hakuna aliyekuwa analia, akaniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia nje ya hospitali ni wazee na wewe tu, majirani bado. Akasema, basi safari hii wataanza kulia baada yangu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, majirani mliofunga turubai hili, na Dk. Taqwa, ambaye Jumamosi ijayo ataanza kufundisha katika sebule ileile. Aol, dada yangu, pumzika sasa kwa amani, Mama ameambiwa.